Nani alipiga soko? Maneno ya Kiingereza juu ya uchumi, na amani yetu



Katika mkutano mmoja wa wakimbizi wa ndani, huku kwetu mashariki mwa Kongo, mgeni alisimama kuzungumza juu ya bei za vyakula. Alisema kwa Kiingereza. Mwenzake akageuza kwa Kifaransa, na sisi tukageuza kwa Kiswahili kwa ajili ya akina mama na wazee waliokaa chini ya hema. Maneno yaliyofika mwishoni yalikuwa haya: «Soko limepigwa na mshituko, lakini jamaa zinaonyesha uwezo wa kurudi katika hali yake.»

Mama mmoja mzee akainua mkono. «Mwanangu,» akatuuliza, «soko limepigwa na nani?»

Watu walicheka. Sisi pia tulicheka kidogo. Lakini jioni, tulipokaa kuandika ripoti, tuliona kwamba hatuna jibu. Mgeni hakusema nani. Mfasiri wa Kifaransa hakusema nani. Na sisi tuliosoma chuo kikuu hatukuona hata kwamba kuna mtu anayekosekana katika maneno yale. Mama aliona.

Andiko hili linataka kueleza namna watu wa lugha ya Kiingereza wanavyozungumza juu ya uchumi katika maisha ya kila siku, na kwa nini namna hiyo inatugusa sisi tuliokimbia vita na sisi tunaotafuta amani.

Kiingereza kinatuhusu nini?

Sisi tunasema Kiswahili, Kifaransa na lugha za nyumbani. Lakini bei ya shaba, ya bati na ya kobalti inayochimbwa katika nchi yetu inafuatwa kila siku kwenye soko la madini la London, kwa hesabu ya dola. Maamuzi mengi juu ya misaada yanafanyika Washington, London, New York na Geneva, na ripoti nyingi zinazohusu kambi zetu zinaandikwa kwanza kwa Kiingereza. Maneno hayo yakishafika kwetu, yamekwisha kupita katika vinywa viwili au vitatu. Yanafika pamoja na namna fulani ya kuona mambo, na sisi tunaipokea bila kuichunguza.

Neno lenyewe lilitoka wapi

Neno la Kiingereza «economy» lina mizizi katika Kigiriki cha zamani. Oikos ni nyumba, na nomos ni sheria au utaratibu. Kwa karne nyingi Waingereza walilitumia kusema juu ya kutunza vizuri vitu vya nyumbani, kama mama anavyopima unga ili ufike mwisho wa juma. Ni katika miaka ya 1930 na 1940 tu watu walipozoea kusema «uchumi» kama kitu kimoja kikubwa, chenye maisha yake, kinachobeba nchi nzima.

Mwaka 1934 mtaalamu Simon Kuznets alitoa kwa Baraza la Seneti la Marekani hesabu ya mapato ya taifa kwa miaka ya 1929 hadi 1932. Hesabu hiyo ilikuwa ya maana sana, kwa sababu Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya ukosefu wa kazi. Lakini Kuznets mwenyewe alionya katika ripoti ile ile kwamba huwezi kujua hali njema ya watu kwa kutazama namba hiyo peke yake. Namba ilibaki, na onyo lilisahauliwa mara nyingi. Tangu hapo, katika Kiingereza cha redio na magazeti, uchumi unakua, unaanguka, unaugua, unapona, kana kwamba ni mtu.

Kiswahili kina bahati hapa. Uchumi unatokana na kuchuma. Ukisema kuchuma, mara moja unataka kujua: nani anachuma, anachuma nini, na katika shamba la nani?

Picha tano ambazo Kiingereza kinatumia

Picha ya kwanza ni ya mgonjwa au ya mmea. Wanasema uchumi ni dhaifu, uchumi unapata nafuu, uchumi unatoa machipukizi. Mwezi wa Oktoba 1991, waziri wa fedha wa Uingereza, Norman Lamont, alisema kwamba machipukizi ya majira mapya ya uchumi yameanza kuonekana. Lakini hesabu ya watu wasio na kazi katika Uingereza iliendelea kupanda mpaka mwanzo wa mwaka 1993. Kwa mtu aliyefukuzwa kazi katika miezi ile, machipukizi yalikuwa katika shamba la mtu mwingine. Tena ugonjwa hauna mkosaji. Ukisema uchumi unaugua, hakuna anayeulizwa.

Picha ya pili ni ya mashine. Wanasema uchumi umepata moto kupita kiasi, kwa hiyo lazima upozwe. Mwisho wa mwaka 1979, Paul Volcker, mkuu wa benki kuu ya Marekani, alianza kupambana na upandaji wa bei kwa kufanya mikopo iwe ghali. Riba zilifika karibu asilimia 20. Bei zilitulia baadaye, hilo ni kweli. Lakini viwanda vingi vilipunguza kazi, na mwisho wa mwaka 1982 watu wasio na kazi walifika asilimia 10.8. Nchi za Kiafrika na za Amerika ya Kusini zilizokuwa na madeni ya dola ziliona madeni yao yakizidi kuwa mazito. Neno «kupoza» ni laini mdomoni. Kazi iliyofanyika ilikuwa ngumu, na ilifanywa na watu wenye majina, kwa maamuzi yaliyopigiwa kura.

Picha ya tatu ni ya nyumba moja inayokaza mkanda. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010, viongozi wa Uingereza walisema kwamba taifa limetumia kupita uwezo wake, na kwamba wote wako pamoja katika mzigo huo. Picha ya nyumba inapendeza, maana sote tunajua maana ya kubana matumizi. Lakini katika nyumba hiyo si kila mtu alikaza mkanda kwa kipimo kimoja. Mwezi wa Januari 2011 kodi ya vitu vinavyonunuliwa dukani ilipanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20, nayo analipa tajiri na maskini. Mwezi wa Aprili 2013 kodi ya mapato ya juu kabisa ilishushwa kutoka asilimia 50 hadi 45. Watu waliweza kubishana kama hatua hizo zilikuwa nzuri au mbaya. Lakini ili wabishane vizuri, ilibidi kwanza watoke katika picha ya nyumba na kutazama hesabu.

Picha ya nne ni ya maji na ya hali ya hewa. Fedha zinatiririka, fedha zinakauka, dhoruba inakuja, utajiri wa walio juu utadondoka polepole hadi chini. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York iliomba kutangazwa kuwa imefilisika, na magazeti yakaandika juu ya dhoruba na tufani. Tufani ni kazi ya Mungu. Lakini mikopo ya nyumba iliyotolewa bila uangalifu, kisha ikauzwa tena na tena, ilikuwa kazi ya wanadamu. Huku kwetu jambo hilo lilifika haraka. Tani moja ya shaba iliyokuwa na bei ya dola zaidi ya 8,000 katikati ya mwaka 2008 ilikuwa karibu dola 3,000 mwezi wa Desemba. Katika Katanga makampuni yalisimamisha kazi, na wachimbaji na wafanyakazi wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Wengi wao hawakupata kusikia hata siku moja jina la benki ile.

Picha ya tano ni ya kitu kilichopulizwa hewa, kama puto. Ndiyo maana ya neno la Kiingereza linalosema juu ya bei kupanda kila mahali: limetoka katika Kilatini, na maana yake ni kupuliza ndani. Kiswahili kinasema mfumuko, kama mshono uliofumuka wenyewe. Lakini wazee wetu wanakumbuka Zaïre ya mwezi wa Januari 1993. Utawala wa Mobutu ulitoa noti ya zaïre milioni 5. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alisema noti hiyo haina thamani, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliokuwa wamelipwa mshahara kwa noti zile walipoona hawawezi kununua kitu, waliingia mitaani Kinshasa kupora, na watu wengi walikufa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule fedha mpya ilitolewa, zaïre mpya moja kwa milioni 3 za zamani. Puto halikujipuliza. Kulikuwa na mashine ya kuchapa noti, na kulikuwa na mtu aliyeamuru ichape.

Fedha zikigandishwa

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90. Marekani ilikuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu katika Kongo. Juma lililofuata kundi la M23 liliingia Goma, na mwezi wa Februari liliingia Bukavu. Benki zilifungwa, na jamaa nyingi zikakimbia tena. Mwezi wa Julai mwaka huo shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na kazi zilizobaki zikahamishiwa wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo.

Katika Kiingereza ilisemwa kwamba fedha «zimegandishwa». Kwetu neno hilo lilifika hivyo hivyo: fedha zimeganda. Mahali pamoja tulipokuwa tukifanya kazi, watu walisubiri mgao uliokuwa umeahidiwa. Mgao haukuja. Kwa kuwa hakuna aliyewaambia ni nani aliyegandisha, na kwa amri gani, watu walimtafuta mtu wa karibu. Wakasema prezidenti wa kamati ya wakimbizi amekula. Nyumba yake ilirushiwa mawe usiku. Siku chache baadaye tuliweza kueleza jambo lote kwa majina na tarehe, na hasira ikapungua. Lakini siku zile chache zingeweza kumwua mtu.

Hapo ndipo amani inapoingia

Hatusemi kwamba maneno peke yake huleta vita. Tunasema hivi: maneno yakiacha nafasi tupu mahali pa mtendaji, uvumi utaijaza nafasi hiyo, na mara nyingi itajazwa na jina la jirani. Bei imepanda? Ni wale waliokuja mwezi uliopita. Unga umepotea? Ni wafanyabiashara wa kabila fulani. Kazi hakuna? Ni wenyeji wanaotubagua.

Tulirudi kwa mama yule aliyeuliza nani alipiga soko. Wakati huo vijana wa pale walikuwa wamesema wataenda kufunga duka la mfanyabiashara mmoja anayetoka jamii nyingine, kwa sababu kipimo chake cha unga kilikuwa kimepunguzwa na bei imebaki ile ile. Tuliwaomba wazee, wawakilishi wa akina mama, vijana na mfanyabiashara mwenyewe wakae pamoja. Kisha tukafuata njia ya mfuko mmoja wa unga, hatua kwa hatua, kuanzia mashine ya kusaga hadi kikopo cha kupimia.

Hesabu iliandikwa kwenye karatasi kubwa ili wote waone. Njia ya karibu ilikuwa imefungwa na mapigano, kwa hiyo lori lilipita njia ndefu na kunywa mafuta zaidi. Kwenye kila kizuizi dereva alilipa, na vizuizi vilikuwa vimeongezeka. Mafuta yenyewe yananunuliwa kwa dola, na franki ilikuwa imepoteza nguvu mbele ya dola. Mwenye lori aliongeza bei kwa kuogopa kuporwa. Mwisho, mfanyabiashara naye aliongeza faida kidogo, na alikubali mbele ya watu kwamba aliongeza.

Bei haikushuka siku ile. Vijana hawakumpenda mfanyabiashara zaidi kuliko jana. Lakini duka halikufungwa. Badala yake watu wanne walichaguliwa, wawili wakimbizi na wawili wenyeji, kwenda kwa wakuu wa eneo kuuliza juu ya malipo ya vizuizi. Na mama yule akasema: «Kumbe soko lilipigwa na watu wengi.»

Maneno mawili yanayokuja mpaka mlangoni

La kwanza ni lile tulilogeuza kuwa «uwezo wa kurudi katika hali yake». Siku hizi wengine wanasema ustahimilivu. Mzizi wake ni Kilatini, kuruka kurudi nyuma, na hutumiwa pia juu ya kitu kinachopindwa kisha kikajinyosha tena. Ni sifa nzuri, na jamaa zetu wanayo. Sisi Wakongomani tuna neno letu la zamani, «Artikle 15», maana yake jitafutieni wenyewe. Tunalisema kwa kicheko, lakini tunajua kwamba ni kicheko cha watu walioachwa peke yao. Neno la Kiingereza nalo lina hatari ile ile. Mtu akisifiwa sana kwa kuvumilia mzigo, ni rahisi kusahau kuuliza nani alimtwika.

La pili ni «mbinu za kukabiliana na upungufu wa chakula». Wengi wenu mmekwisha kuulizwa maswali matano juu ya siku 7 zilizopita: Je, mlikula chakula msichokipenda kwa kuwa ni cha bei ndogo? Mlikopa chakula, au mliomba kwa ndugu? Mlipunguza kipimo cha chakula? Watu wazima walikula kidogo ili watoto wale? Mlipunguza mara za kula kwa siku? Katika ripoti majibu hayo yanaitwa mbinu. Mama aliyelala na njaa ili mtoto ale anahesabiwa kuwa ametumia mbinu. Tunawaomba msikasirike na maswali hayo, na mjibu kwa ukweli, kwa sababu majibu yanasaidia kujua wapi njaa ni kali zaidi. Lakini mna haki ya kumwambia anayeandika: «Andika mbinu, na uandike pia kwamba ni njaa.»

Maswali manne ya kubeba mkutanoni

Kiingereza si adui. Hata Waingereza na Wamarekani wa kawaida, wakiwa nyumbani, hawazungumzi juu ya uchumi kama tufani. Wanazungumza juu ya kodi ya nyumba, bei ya mkate, mshahara na deni, kama sisi. Na Kiswahili chetu nacho kinaficha: tunasema «bei imepanda», kana kwamba bei ina miguu. Kwa hiyo tunawapendekezea viongozi wa kambi, machifu, kamati za akina mama na wafasiri maswali manne, kila mara neno kubwa la uchumi linapofika:

1. Nani alifanya? Kama hakuna mtu katika maneno hayo, ombeni atajwe: ofisi gani, amri gani, kizuizi gani.
2. Nani analipa, na nani anapata?
3. Kiasi gani, tangu lini, na mpaka lini? Neno «hivi karibuni» si tarehe.
4. Tunaweza kwenda kumwuliza nani?

Pengine jibu litakuwa: «Hatujui bado.» Hilo pia ni jibu, na ni afadhali kuliko picha nzuri isiyo na mtu ndani. Mtu anayesema hajui anaweza kurudi na habari, nanyi mnaweza kungoja bila kumtafuta mwenye kosa katika nyumba ya jirani.

Na nyinyi wafasiri, ndugu zetu, msione haya kusimamisha mgeni na kumwuliza. Sisi tuliona haya siku ile, na mama mzee ndiye aliyefanya kazi yetu. Tangu hapo, kabla ya kugeuza neno kwa Kiswahili, tunamwuliza mgeni swali lake: nani?